Kipimo na Haki ya Kinachopimwa

Kutaka kujua ni tabia njema ya akili, na wenye hekima wameisifu tangu kale. Lakini kila tabia njema ina mpaka wake, na mpaka wa kutaka kujua haujachunguzwa sana kama ulivyochunguzwa mpaka wa kutaka mali au wa kutaka enzi. Methali yasema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Shauri hilo ni jema kwa nyumba. Si jema kwa kila kitu. Viko vitu ambavyo mlango wake ukifunguliwa, kilichokuwa ndani hakiwi tena kama kilivyokuwa. Mwenye kufungua hupata kuona, walakini alionalo silo alilokuwa akilitafuta. Kwa hiyo swali hili lastahili kuulizwa: mtu anapotaka kukijua kitu chenye uhai, ana haki gani juu ya kitu hicho, na kitu hicho kina haki gani juu yake?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la vyuoni tu. Kumbe wachoma mkaa wa Kisarawe wamelijua kwa mikono yao miaka mingi. Katika wilaya hiyo ya Uzaramo, kutoka vilima vya Pugu hadi Maneromango na Mzenga, miti mingi imegeuzwa mkaa kwa ajili ya majiko ya Dar es Salaam. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akaacha tundu la kutilia moto na matundu madogo ya hewa, kisha akangoja siku kadhaa. Kazi yake yote ni kupima pumzi. Hewa ikizidi, magogo huwaka yakawa majivu. Ikipungua mno, moto hufa na kuni hubaki kuni. Naye hawezi kuchungulia. Akilifukua tanuri ili ajue mambo yamefika wapi, hewa huingia kwa nguvu na mali yake huteketea mbele ya macho yake. Basi husoma moshi. Ukiwa mzito na mweupe, ajua kwamba maji yangali yakitoka katika kuni. Ukiwa mwembamba wenye rangi ya samawati, ajua kwamba kazi yakaribia mwisho. Udongo ukipasuka, huziba ufa mara moja.

Hapana anayesema kwamba uchomaji huo wote ni halali. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na miti mingi iliyoanguka humo ilikatwa kwa wizi. Lakini hata mwenye kosa aweza kuwa na elimu, na elimu ya mchoma mkaa ni hii: kwamba yako mambo ambayo hujulikana kwa kutofunguliwa, na kwamba jicho lenye pupa hula kile linachokitazama.

Kaskazini ya Kisarawe, kando ya barabara iendayo Morogoro, uko mji wa Kibaha, na huko elimu hiyo ya pumzi imehitajiwa kwa viumbe hai. Mwaka 2015 kilifunguliwa kiwanda cha Shirika la Maendeleo la Taifa, kilichojengwa kwa utaalamu wa Kuba, ili kitengeneze dawa ya kuulia viluwiluwi vya mbu. Kilikusudiwa kuweza kutoa hata lita milioni 6 kwa mwaka. Dawa hiyo haichimbwi ardhini wala haikamuliwi katika majani. Hutokana na bakteria wa aina mbili, ambao hulishwa na kuzalishwa ndani ya matangi, na ambao sumu yao humwangamiza kiluwiluwi lakini haimdhuru mtu anywaye maji yale. Bakteria hao hutaka oksijeni kama mtu aitakavyo. Lakini maji ni maskini wa oksijeni: lita moja ya maji yenye joto la wastani hubeba takriban miligramu 8 tu. Bakteria wakiwa wengi huimaliza akiba hiyo upesi sana. Kwa sababu hiyo, katika kazi ya namna hii, hewa hupulizwa ndani ya tangi na maji hukorogwa bila kupumzika. Nalo tangi haliwezi kufunguliwa ovyo, maana vijidudu vya kigeni vitaingia na kuharibu zao lote. Msimamizi wa tangi na mwangalizi wa tanuri wamekutana katika shida moja. Wote wawili wana kitu kinachovuta hewa gizani, na wote wawili lazima wajue kinavuta kiasi gani pasipo kukifunua.

Dawa ya shida hiyo ilipatikana katika chombo kilichoelezwa na Leland Clark wa Marekani mwaka 1956. Chombo hicho ni elektrodi, yaani ncha ya madini yenye kupitishiwa umeme, iliyofunikwa kwa utando mwembamba. Oksijeni hupenya utando, hufika kwenye madini, na hapo hubadilishwa. Kadiri ya oksijeni iliyobadilishwa ndiyo kadiri ya umeme unaopita. Hesabu ya umeme ikisomwa, pumzi hujulikana. Chombo hicho kilikuwa baraka kwa hospitali na kwa viwanda. Lakini kilikuwa na upungufu mmoja: kilitoa hesabu moja kwa mahali kilipochomekwa, na hakikuweza kusema ni nani katika kundi anayevuta hewa na ni nani aliyekwisha nyamaza.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, Japani, wamefaulu kuifanya hesabu hiyo kuwa picha. Wao hawashughuliki na tangi zima, bali na vishada vya seli, yaani chembe hai zilizokusanyika zikashikamana, kila kishada kikiwa kama punje ya chumvi laini. Kishada huwekwa juu ya elektrodi pana, ndani ya maji yenye kemikali ya jamii ya luminoli. Umeme wa kwanza huigeuza oksijeni iliyomo majini kuwa peroksidi; umeme wa pili huikutanisha peroksidi na kemikali ile, na makutano yao hutoa mng'ao hafifu wa buluu ambao kamera huunasa. Palipo na oksijeni nyingi, mng'ao huwa mkubwa. Palipo na kishada kilicho hai, kwa kuwa chenyewe kimekwisha kula oksijeni ya jirani yake, mng'ao hufifia. Basi uhai huonekana kama kivuli. Dawa ya saratani ikijaribiwa juu ya kishada, na kivuli kile kikatoweka, hiyo ni habari kwamba seli zimeacha kupumua. Nuru iliyoenea sawasawa ni tanzia.

Kazi hii ni ya ajabu, nayo yastahili sifa. Lakini sifa haizuii swali, na swali la kwanza ni juu ya kile ambacho kipimo hutwaa. Elektrodi huijua oksijeni kwa kuitumia. Kila habari iletwayo na chombo cha Clark imelipiwa kwa oksijeni kidogo iliyotolewa katika maji yale yale ambayo kiumbe hupumua. Na katika picha ya luminoli, oksijeni hugeuzwa peroksidi, ambayo ikizidi huwa sumu kwa seli. Kwa hiyo mpimaji mwema hufanya elektrodi yake iwe ndogo, umeme wake uwe wa muda mfupi, na alinganishe picha yake na ile ya seli ambazo hazikuguswa. Asipofanya hivyo, huandika katika kitabu chake kwamba kiumbe ni dhaifu, hali udhaifu ule ni wake mwenyewe aliouleta. Amekuwa kama mtoza ushuru atwaaye chakula cha mwisho cha mkulima, kisha akaripoti kwa mkubwa wake kwamba nchi ile ina njaa.

Na kipimo hutwaa zaidi ya oksijeni. Seli zilizomo katika vyombo vya maabara zilitoka katika mwili wa mtu au wa mnyama. Mwaka 1951, katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, seli zilitwaliwa kutoka katika uvimbe wa Henrietta Lacks, mama mwenye asili ya Afrika, bila yeye kuombwa ruhusa. Mama huyo alifariki mwaka huo huo. Seli zake zaendelea kukua katika maabara za dunia hata leo, na jamaa zake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kuarifiwa. Faida iliyopatikana kwa seli hizo ni kubwa, na watu wengi walio hai wangekuwa wamekufa bila hiyo. Lakini wingi wa faida haubadili jina la tendo. Aliyekopa bila kuuliza, hata akaujenga mji kwa mali ile, angali ana deni kwa mwenye mali. Hii ndiyo haki ya kwanza ya kinachopimwa: kwamba mwenye kupima ajue ametwaa nini, atwae kidogo iwezekanavyo, na penye mwenye ulimi wa kujibu aulizwe kwanza.

Haki ya pili ni kutofichwa katika jumla. Chukuliwa sahani yenye vishada mia. Hamsini vyapumua kwa nguvu, hamsini vimekufa. Kipimo kitoacho hesabu moja kitasema kwamba pumzi ya sahani ile ni ya wastani, na neno hilo litakuwa kweli kwa hesabu na uongo kwa kila kishada, maana hapana hata kimoja kilicho katika hali hiyo ya wastani. Picha huikana jumla hiyo. Huonyesha hiki kina kivuli na kile hakina. Tena hata picha haitoshi. Oksijeni haipenyi mbali katika nyama hai. Mwendo wake ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita, na baada ya hapo imekwisha liwa. Kishada kikikua hata kikakaribia nusu milimita, seli za nje hushiba na zile za katikati hukosa, zikafa mahali ambapo jicho la kamera halifiki. Kivuli cha kishada hicho chaweza kuwa kikubwa na chenye kupendeza, na moyo wake ukawa kaburi. Mwenye hekima hatosheki na kivuli kizuri; huuliza habari za walio katikati.

Haki ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu yagusa watu wa Kibaha na Kisarawe katika miili yao. Ni haki ya kupimwa kwa kipimo kilichokatwa kwa kadiri yako.

Mwaka 1963 Tanganyika ilifanya mapatano na Denmaki, Finlandi, Norwei na Uswidi, na kutokana na mapatano hayo ikaanzishwa huko Kibaha kazi kubwa ya kupigana na ujinga, maradhi na umaskini: shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Tanzania, na kituo kile cha afya kimekua hata kikawa Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Katika hospitali za namna hiyo kuna kifaa kidogo chenye kubana kidole, ambacho ni ndugu wa ile picha ya vishada, maana nacho huitafuta oksijeni kwa nuru. Asili yake ni kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani, aliyeitangaza mwaka 1974. Kifaa hupitisha katika kidole nuru nyekundu na nuru nyingine isiyoonekana kwa macho; damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo huzizuia nuru hizo kwa kadiri mbalimbali, na kutokana na tofauti hiyo hesabu hutolewa. Mtoto mwenye homa ya mapafu akionyesha chini ya 90 kwa mia, Shirika la Afya Duniani laelekeza apewe oksijeni. Hesabu hiyo moja yaweza kuwa ndiyo itakayoamua ni mtoto yupi atawekewa mpira wa hewa na ni yupi atarudishwa nyumbani mgongoni mwa mama yake.

Sasa nuru ile, kabla ya kuifikia damu, hupita katika ngozi, na ngozi nyeusi huimeza nuru kwa kadiri isiyokuwa sawa na ngozi nyeupe. Jambo hilo halikuwa siri. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliandika kwamba kifaa hicho huwakosea wagonjwa weusi zaidi kuliko weupe. Miaka 30 ikapita. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha hesabu za kifaa na hesabu za damu yenyewe iliyotolewa katika mishipa. Wakaona kwamba pale kifaa kiliposema mgonjwa ana oksijeni kati ya 92 na 96 kwa mia, damu ilisema yuko chini ya 88 mara 11.7 katika kila vipimo 100 vya wagonjwa weusi, na mara 3.6 tu katika kila vipimo 100 vya wagonjwa weupe. Yaani watu waliokuwa wakizama waliandikwa kuwa wako ufukweni, na weusi waliandikwa hivyo karibu mara tatu zaidi ya wenzao.

Hapa pana jambo ambalo lataka kufikiriwa kwa utulivu. Kosa lile la Michigan lilijulikana kwa sababu katika wadi moja walilala wagonjwa wa rangi mbili, na tofauti yao ikalifichua. Katika wadi ya Tumbi, au katika hospitali ya wilaya ya Kisarawe, wagonjwa karibu wote ni weusi. Kosa likiwapo humo, huwapata wote kwa pamoja, na kosa liwapatalo wote kwa pamoja halina jirani wa kulisengenya. Huonekana kuwa ndio kawaida. Mwenye duka akiwa na kibaba kamili na kibaba pungufu, wateja watazigundua hila zake. Akiwa na kibaba pungufu tu, na duka ni moja katika kijiji kizima, watu watakula pungufu na kuita shibe.

Wako watakaojibu kwamba mgonjwa maskini hana nafasi ya kuchagua, na kwamba kipimo chenye ila ni bora kuliko kukosa kipimo. Jibu hilo lina nusu ya kweli, na nusu hiyo yapasa kukubaliwa. Kifaa kile kimewaokoa watoto wengi ambao macho ya daktari hayangewatambua. Katika ngozi nyeusi hata ile rangi ya buluu ya mdomo na kucha, ambayo ni dalili ya kukosa oksijeni, ni ngumu kuonekana. Kukitupa kifaa ingekuwa kumwadhibu mtoto kwa kosa la fundi. Lakini nusu ya pili ya jibu lile ni hatari, maana yafundisha kuridhika. Kutoka "ni bora kuliko kukosa" hadi "chatosha kwa watu kama hawa" ni hatua moja fupi, na aliyeipiga hatua hiyo amekwisha kubali kwamba wako watu ambao ukweli wao unaweza kuwa wa kukadiria.

Njia ya haki ni ile ya mchoma mkaa, ambaye hakuwa na chombo chochote na kwa hiyo hakuwahi kukiabudu. Yeye hasomi rangi ya moshi peke yake. Husikiliza tanuri, hushika udongo kwa kiganja, hukumbuka siku ya kuwasha. Vivyo hivyo muuguzi mwenye kifaa kidoleni mwa mtoto bado ana macho ya kutazama mbavu kama zinabonyea ndani mtoto avutapo hewa, na ana saa ya kuhesabia. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, pumzi yake imekuwa ya kasi kupita kiasi, na kasi hiyo haina rangi ya ngozi. Mbavu zikisema moja na kifaa kikisema lingine, mbavu zina haki ya kusikilizwa.

Lakini uangalifu wa muuguzi hauondoi wajibu wa walio juu yake. Kipimo kilichokatwa mbali lazima kikatwe tena hapa: kilinganishwe na damu ya watu wa hapa, kwa ridhaa yao, na hesabu zake zitangazwe hata kama zitaudhi wauzaji. Kazi ya Kibaha iliyoanzishwa na wageni mwaka 1963 haikuwa ya wenyeji kwa sababu majengo yalisimama katika ardhi yao. Ilikuwa yao ilipokabidhiwa, wakaibeba na kuijibia wenyewe. Kifaa nacho hakiwi cha wenyeji kwa kubana vidole vyao. Huwa chao siku wanapoweza kusema kwa ushahidi wao wenyewe mahali kinaposema kweli na mahali kinapokosea. Nguo ya kuazima haisitiri, na kipimo cha kuazima ndivyo kilivyo mpaka kijaribiwe mwilini mwa anayekivaa.

Basi yule atakaye kujua habari za kiumbe hai ana haki ya kuuliza, wala hapana sheria ya wema inayomkataza. Lakini aingiapo katika kazi hiyo aingia kama mdeni. Ametwaa pumzi kidogo ya anayempima, na aikumbuke. Ametoa jumla, na awatafute waliofichwa ndani yake. Amekuja na kipimo cha mbali. Na akijaribu kabla hajakitumia kuhukumu. Asipofanya hayo, taa yake itang'aa kweli, na hesabu zake zitakuwa nyingi na nzuri, lakini mtoto aliyelala mbele yake ataendelea kuzama kimya, huku kifaa kikisema kwamba hali yake ni njema.